Joistiki ya loda ndogo ikigoma: anza kwenye kiti, joistiki iwe ya mwisho

Simu huingia saa moja na nusu asubuhi, opereta keshakaa kitini na lori linasubiri kupakiwa.

"Fundi, shikamoo. Joistiki imekufa."

"Marahaba. Imekufa yote, au kuna kazi inayofanya?"

Hapo kimya kinaingia, maana hajajaribu. Ameisukuma mbele, mtambo haukwenda, basi joistiki imekufa. Mkono ulishika joistiki, kwa hiyo lawama inaishia mkononi.

Loda ninazozungumzia ni zile ndogo zinazogeukia papo hapo, za magurudumu manne au za mkanda wa mpira. Mtaani zote tunaziita Bobcat hata kama ubavuni pameandikwa Case, Caterpillar au JCB. Utazikuta kwenye machimbo ya kokoto, mabanda ya kuku, maghala ya saruji, na ndani ya matumbo ya meli za shehena ya kichele zikikusanya mabaki ambayo kreni haiyafikii.

Ghala moja la mbolea waliniita baada ya kuagiza joistiki mpya kutoka Dubai. Waliisubiri karibu mwezi, wakaifunga, na mtambo ukabaki vilevile. Bei ya ile joistiki ingenunua pikipiki. Ugonjwa ulikuwa boliti moja ya athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia fremu) chini ya kabini, imeota kutu ya kijani. Niliilegeza, nikaisugua kwa msasa, nikaikaza, na mtambo ukaondoka. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya watu kama wale, ili joistiki iwe kitu cha mwisho kununuliwa badala ya cha kwanza.

Kwanza jua joistiki yako ni ya aina gani

Inua kava la mpira lenye mikunjo chini ya mpini, uangalie kinachotoka. Ukiona vyuma, springi na kebo za kuvuta, hiyo ni ya kimakanika. Mkono wako unasukuma vali au bamba la pampu moja kwa moja. Ukiona mipira myembamba ya oili, minne au zaidi, hiyo ni ya pailoti: joistiki yenyewe ni vali ndogo inayotuma oili ya presha ya chini kwenda kuisukuma spuli kubwa (chuma kinachoteleza ndani ya vali kuu na kuielekeza oili). Ukiona waya tu, hiyo ni ya umeme. Ndani yake mna sensa, sensa inapeleka taarifa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua koili ipi (sumaku ya umeme inayosogeza vali) ipate umeme na kiasi gani.

Mtambo wa kwanza wa aina hii ulitengenezwa na ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, huko Rothsay, Minnesota, mwaka 1957, kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga aliyetaka kusafisha mabanda yake. Fundi wa siku zile alitosheka na spana na grisi. Wa leo bila mita ya umeme hafiki mbali. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu joistiki za umeme, kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu. Za pailoti na za kimakanika nitazigusa karibu na mwisho.

Kabla hujagusa kitu

Shusha mikono ya mtambo mpaka kijiko kilale chini. Kama kazi inahitaji mikono iwe juu, funga kile chuma cha kuishikilia kilichokuja na mtambo. Gogo, jeki au tofali havifai. Usiingize kichwa wala kiwiliwili kati ya mikono na kabini huku mtu mwingine akiwa kitini "anajaribu kidogo". Ukijaribu mwendo, inua mtambo uukalishe kwenye stendi imara, magurudumu yaning'inie, kwa sababu mtambo uliogoma unaweza kuamka ghafla waya ukigusana.

Kuhusu oili, usipapase mpira wa presha kwa mkono kutafuta uvujaji. Tumia kipande cha kadibodi. Oili ikipenya ngozi kwa presha inaacha alama kama ya kuchomwa pini na maumivu huenda yasiwe makali mwanzoni, lakini hiyo ni dharura ya kufanyiwa upasuaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, wasije wakakufunga plasta tu.

Hatua ya 1: Muulize opereta, kisha ujaribu mwenyewe

Maswali yangu ni machache. Ilianza lini? Jana mtambo uliogeshwa kwa mashine ya presha? Kuna mtu alichomea kijiko au fremu? Uliwashwa kwa betri ya lori? Inagoma ikiwa baridi, ikiwa moto, au ikipita kwenye shimo? Opereta anayejibu vizuri maswali haya amekupunguzia nusu ya kazi. Anayesema "ilianza tu yenyewe" mletee soda, kaa naye, uulize tena.

Kisha jaribu kila kazi moja moja: mbele, nyuma, kushoto, kulia, kupandisha mikono, kushusha, kukunja kijiko, kukimwaga, na vifaa vya ziada. Andika kwenye karatasi kipi kinafanya na kipi hakifanyi. Kanuni ninayoitumia ni kwamba vinavyokufa pamoja vinakula sahani moja.

Kila kitu kikiwa kimekufa lakini injini inaunguruma, sahani hiyo ni umeme wa kompyuta, athi, fyuzi, au swichi za usalama. Si rahisi joistiki mbili zife asubuhi moja. Mikono ikifanya kazi lakini mtambo hauendi, angalia hendibreki na kifungio cha mwendo kwanza. Mtambo ukienda mbele ila haurudi nyuma, hapo ndipo sensa au koili inaanza kushukiwa. Magurudumu ya upande mmoja yakiwa dhaifu mbele na nyuma, na yakizidi kulegea oili ikipata moto, achana na joistiki ukaangalie pampu au mota ya upande huo. Mtambo ukitambaa wenyewe bila kuguswa, katikati imepotea: ni kalibresheni (vipimo vya joistiki ambavyo kompyuta imefundishwa), springi, au spuli iliyokwama. Ukikatika kila unapopita kwenye tuta, nenda kwenye kiti na plagi.

Kuna "ugonjwa" mwingine ambao si ugonjwa. Mtambo unakwenda kama kobe na opereta anaapa kuwa pampu imekwisha, kumbe mtu alibonyeza kitufe cha mwendo wa polepole. Tazama dashibodi. Mara nyingi picha ya kobe yenyewe ipo pale.

Hatua ya 2: Tumia swichi ya ISO na H kama kipimo cha bure

Mitambo mingi ya joistiki za umeme ina swichi ya kubadili mpangilio. Kwenye ISO, joistiki ya kushoto inaendesha mtambo mzima, yaani mbele, nyuma na kugeuka, na ya kulia inapandisha mikono na kukunja kijiko. Kwenye H, kila joistiki ikisukumwa mbele au nyuma inaendesha magurudumu ya upande wake. Ya kushoto ikilazwa pembeni inapandisha au kushusha mikono, ya kulia ikilazwa pembeni inashughulikia kijiko.

Swichi hii kwanza inaleta kesi za uongo. Opereta wa zamu ya usiku kazoea H, wa asubuhi kazoea ISO. Wa asubuhi anasukuma kushoto ili apinde kona, mikono inapanda. Ananipigia simu kuwa mtambo una wazimu.

Lakini faida yake ni kubwa kuliko usumbufu. Tuseme uko kwenye ISO na mikono haipandi. Hiyo ni kazi ya joistiki ya kulia, mbele na nyuma. Zima, badili kwenda H kwa utaratibu wa mtambo wako (nyingi zinataka uwe umesimama na hendibreki imefungwa), washa tena. Sasa mikono inaamriwa na joistiki ya kushoto, kwa pembeni. Ikipanda, koili, vali na oili vyote ni vizima, na ugonjwa uko kwenye joistiki ya kulia au waya zake. Utathibitisha kwa kuona magurudumu ya kulia yamegoma, maana sasa ndiyo yanayotegemea ile sensa mbovu. Mikono ikikataa kwenye H pia, joistiki ya kulia umeshaiondolea kesi. Nenda kwenye koili na vali.

Dakika tano hizo hazigharimu hata senti moja, na hujafungua boliti.

Angalizo: kompyuta nyingi zikishaona kosa hufunga ile kazi mpaka funguo izimwe. Kwa hiyo zima kabisa, hesabu mpaka thelathini, ndipo uwashe kwa jaribio jipya.

Hatua ya 3: Kiti, kizuizi cha mapajani, mlango, hendibreki

Mtambo hautii joistiki mpaka uamini kuwa kuna mtu kitini, kizuizi cha mapajani kimeshushwa, na mlango umefungwa kama upo. Mitambo mingine inataka ubonyeze kitufe cha kuruhusu kazi kila ukiwasha. Opereta mgeni hakijui.

Washa funguo bila injini, kaa kitini, shusha kizuizi taratibu huku umenyamaza. Kwenye mitambo mingi utasikia mlio mdogo wa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au solenoidi (vali ya koili) ikifunguka. Inua, shusha, usikie tena. Usiposikia kitu, tazama taa za dashibodi, ipi imebaki inawaka, kisha ufuate waya wa swichi hiyo.

Swichi ya kiti iko chini ya mto, na waya wake unapinda kila opereta anaporuka na mtambo, mpaka unakatika ndani ilhali plastiki ya nje ni nzima. Uvute kidogo: ukirefuka kama ulimbo, shaba ya ndani imekwisha. Kwenye kizuizi cha mapajani mara nyingi kuna sumaku na sensa kwenye bawaba. Sumaku ikidondoka au tope likijaa, kompyuta inaona kizuizi kiko juu milele.

Najua mafundi wengi huziunga waya za swichi ya kiti moja kwa moja, wanamkabidhi mteja, wanaondoka. Mita inatosha kukuonyesha swichi kama inafunga au haifungi, huna haja ya kuiunga. Ukiiacha imeungwa, siku opereta akiinuka kuchungulia mbele ya kijiko na goti lake likagusa joistiki, ile mikono itamkuta kichwa kiko njiani.

Jambo dogo linalosahauliwa: mtambo unapowashwa, joistiki zote lazima ziwe katikati. Nimeshatoa chini ya kava la mpira kalamu, kokoto, na mfuko wa karanga. Kompyuta inaona joistiki imesukumwa kabla ya injini kuwaka, inakataa, na ina haki.

Hatua ya 4: Betri na athi

Hapa usiharakishe.

Betri nzuri iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.4. Wakati wa kupiga stata, isishuke chini ya kama 9.6. Umeme ukishuka sana kompyuta inajizima na kujiwasha ndani ya nusu sekunde, inaandika makosa ya kila namna, na wewe unaona joistiki inakatakata.

Fyuzi usiitazame kwa macho tu. Ipime masikio yote mawili ikiwa mahali pake, umeme ukiwa umewashwa. Rilei inayoshukiwa badilishana na mwenzake wa namba ileile kwenye boksi.

Sasa athi. Kosa la wengi ni kupima athi kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Waya wenye nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja bado utasoma omu sifuri, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Mzigo ukija, uzi mmoja hautoshi. Pima hivi: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya athi ya kompyuta au ya joistiki, kisha mtu aendeshe kazi mbalimbali. Unataka kuona chini ya volti 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi, athi inalia. Rudi nyuma sehemu kwa sehemu: hasi ya betri hadi fremu, fremu hadi kabini, kabini hadi pini. Pale volti inaporuka ndipo palipooza.

Njia nyingine ni balbu ya indiketa ya wati 21. Iunge kati ya chanya na waya wa athi unaoushuku, plagi ikiwa imechomolewa kwenye kompyuta. Ikiwaka kwa nguvu zote, waya unabeba. Ikiwa nyekundu kama kaa la moto, umeshampata mwizi.

Kwenye maghala ya mbolea na karibu na bahari ndiko athi zinakokufa zaidi. Mbolea inanyonya unyevu wa hewani, inakuwa uji mwembamba, na chumvi za amonia zinaila shaba. Ile boliti niliyoitaja haikuwa na dalili yoyote kwa nje, rangi ilikuwa safi. Mita ndiyo iliyoniambia: volti 1.3 kati ya kabini na betri kila mikono ilipopandishwa. Joistiki mpya ya watu ilikuwa inapata umeme uleule mbovu wa ile ya zamani. Ya zamani wameirudisha kazini, na mpya iko stoo kwenye boksi lake.

Hatua ya 5: Soma namba za hitilafu

Usizifute kabla hujaziandika zote, na zile za zamani pia. Mitambo mingi ya kisasa inafuata mfumo wa J1939: namba ndefu ya SPN inataja kitu, na namba fupi ya FMI inataja kilichokipata. Kampuni nyingine zina namba zao, hizo zitafute kwenye kitabu cha mtambo. Lakini FMI chache zinafaa kukaa kichwani.

3 ni volti imepanda kupita kiasi au waya umegusana na chanya. 4 ni volti imeshuka au waya umegusana na athi. 5 ni umeme haupiti, yaani pamekatika. 6 ni umeme unapita mwingi mno, yaani shoti. 2 ni taarifa zinarukaruka, na 9 ni taarifa haziji kwa wakati wake, ambayo kwenye joistiki za CAN (zinazotuma taarifa za kidijitali kwa laini ya waya mbili) mara nyingi ni plagi au laini. 13 ni kalibresheni imepotea. Ukiona 5 au 6 kwenye mkondo wa koili, usipoteze muda kwenye joistiki.

Kwa FMI 4 ya sensa yenye pini tatu kuna ujanja mzuri. Chomoa plagi ya joistiki. Kwenye upande wa mtambo, unga pini ya volti 5 na pini ya signali kupitia rezista ya omu 1,000. Washa funguo. Namba ikigeuka kutoka 4 kuwa 3, waya na kompyuta ni vizima na sensa ndiyo mbovu. Ikibaki 4, waya umeshika athi au kompyuta haioni. Usitumie volti 12 kwenye pini hiyo. Utaua kompyuta, na kompyuta bei yake inaiacha joistiki mbali.

Hatua ya 6: Ipime joistiki yenyewe

Umefika. Joistiki nyingi za signali ya volti zina pini ya volti 5, pini ya athi na pini ya signali. Ikiwa katikati, signali inakaa karibu 2.5. Ukisukuma mwisho inafika karibu 4.5, ukivuta mwisho inashuka karibu 0.5. Kitabu cha mtambo wako ndicho chenye neno la mwisho, kwa sababu zipo zinazotumia mapigo ya umeme badala ya volti na zipo zinazolishwa zaidi ya 5.

Isukume polepole mno, kama unayemlaza mtoto. Namba ipande bila kuruka. Kisha iachie ghafla mara kumi, na kila mara irudi palepale. Ikirudi 2.5, halafu 2.7, halafu 2.4, springi imechoka au ekseli imelegea. Joistiki za potenshomita (sensa ya kusuguana) huchakaa zaidi karibu na katikati, kwa sababu ndipo mkono unapoishi siku nzima. Mita ya mshale ni bora kuliko ya tarakimu kwa kazi hii, maana mshale ukidondoka sekunde ndogo unauona. Kama huna, tumia kitufe cha kushika kipimo cha chini na cha juu. Za sensa ya sumaku hazichakai kwa kusuguana. Huwa zinaharibiwa na maji.

Nyingi zina signali mbili kwa kila upande, kwa usalama. Aghalabu moja ikipanda nyingine inashuka na jumla yao inabaki karibu 5. Zisipokubaliana, kompyuta haimwamini yeyote kati yao.

Kama joistiki ni ya CAN hakuna signali ya kupima hivyo. Zima, chomoa betri, pima omu kati ya waya mbili za CAN. Unatakiwa upate 60, kwa kuwa kuna rezista za 120 mbili, moja kila mwisho wa laini. Ukipata 120, laini imekatika au rezista moja haipo. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Ukipata karibu sifuri, waya zimegusana. Umeme ukiwa umewashwa, kila waya inacheza karibu volti 2.5, mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo.

Wakati wa kupima usitoboe plastiki ya waya kwa sindano, hasa Pwani. Tundu hilo linaingiza chumvi, na baada ya miezi michache utarudi hapohapo. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi.

Mita ikiwa bado imefungwa, tikisa waya. Anza chini ya egemeo la mkono ambapo waya unasogea na kiti, nenda nyuma ya kiti, malizia kwenye bawaba ya kabini. Loda nyingi kabini yake inainuliwa ili kufikia pampu, na shada la waya hubanwa hapo na fundi aliyeirudisha kwa haraka. Panya nao wanapapenda, pana joto.

Hatua ya 7: Koili na vali

Chomoa plagi ya koili, pima omu zake, kisha upime ya jirani yake wa aina ileile. Koili za volti 12 mara nyingi zinasoma omu chache tu, tuseme 4 hadi 10, lakini kulingana na jirani ndicho kipimo kizuri zaidi. Moja ikisoma 7 na nyingine ikasoma omu zisizo na mwisho, yaani imekatika ndani, umemaliza. Kama omu ni sawa, gusisha bisibisi kwenye nati ya koili huku mwenzako akiiamrisha joistiki: ikivutwa kama sumaku, umeme unafika, na tatizo ni spuli iliyokwama au uchafu.

Unaweza pia kubadilishana plagi za koili mbili. Kumbuka tu kwamba ukifanya hivyo amri ya mikono inaweza kukunja kijiko. Watu wakae mbali, na plagi zirudishwe kabla hujala chakula cha mchana.

Za pailoti na za kimakanika

Kwa pailoti, mita yako ni geji ya presha. Presha inayoingia kwenye joistiki mara nyingi ni kati ya bar 25 na 35, na inayotoka inapanda polepole kadiri unavyosukuma. Ikiingia vizuri na kutoka vibaya, joistiki ni mbovu ndani: pini za kusukuma zimelika au sili zimechoka. Isipoingia, tafuta chujio dogo la pailoti, ambalo wengi hawajui kama lipo. Za kimakanika ni kebo iliyovimba, vichwa vya fimbo vilivyolegea, na springi za kurudisha katikati. Grisi na macho vinatosha.

Mwendo ukiwa mzito pande zote mbili, aina yoyote ya joistiki, angalia kiwango cha oili, chujio, na presha ya pampu ya kulisha kabla ya lolote.

Hatua ya 8: Ukibadilisha, kalibrisha

Soma namba ya spea mpaka herufi ya mwisho. Joistiki mbili zinaweza kuwa na umbo moja na plagi moja, lakini moja inazungumza kwa volti na nyingine kwa CAN. Kabla ya kulipia, muulize muuzaji kama mtambo wako unakalibrishwa kwa menyu ya dashibodi au unahitaji kompyuta ya wakala. Gharama ya wakala iingie kwenye hesabu mapema, isije ikamshtua bosi baadaye.

Kalibrisha oili ikiwa na joto la kazi, magurudumu yakining'inia, mikono chini, na mtambo ukikuambia usiguse joistiki, usiiguse kweli. Ukiruka hatua hii mtambo utatambaa, au utavuta upande mmoja, na watasema joistiki uliyowaletea ni feki.

Mengine ni ya kuzuia. Kabla ya kuchomea popote kwenye mtambo, chomoa betri na plagi za kompyuta, na klampu ya athi ya mashine ya kuchomea iwe karibu na mahali unapochomea. Kabini ipulizwe kwa hewa, isioshwe kwa presha. Plagi zisafishwe kwa dawa ya kukauka ya umeme, kisha zipakwe grisi ya umeme kidogo sana, si ile ya beringi.

Mwisho, endesha mwenyewe kwa dakika ishirini na mzigo mpaka oili ipate moto, upite kwenye matuta, ugeuke pande zote, ubadili ISO na H. Soma namba za hitilafu tena. Zikiwa hazijarudi, funga kava la mpira vizuri pembe zote nne, na uandike kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa boksi la fyuzi ulichobadilisha na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yako asianze upya.